Kiinimacho cha Kumpelekea Koultoumi

Benchi letu liko nyuma ya bandari ya zamani ya Moroni, limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kutengenezea saa, na kwa sababu hiyo watu wanadhani mimi ndiye mwenyeji na lawama zote za pale ni zangu. Si kweli. Benchi nililikuta. Wenye heshima zao, wale waliokwisha kufanya harusi kubwa, wakachinja ng'ombe na kulisha mji mzima, hao hukaa bangwe, uwanjani karibu na msikiti, kila mtu mahali pake kwa cheo chake, na mmoja akisema wengine wanasikiliza. Sisi harusi hiyo hatujaifanya. Tumeoa, ndiyo, tena wengine tumeoa zaidi ya mara moja, lakini harusi ndogo haihesabiki huku kisiwani kwetu Ngazidja. Mvi zinajaa kichwa kizima na bado unaitwa mtoto wa mji. Basi watoto wa mji tunakaa kwangu, na kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kumnyamazisha mwenzake, tunasema wote kwa pamoja. Mouzaoir hutuuzia kahawa kutoka kwenye dele lake, kikombe kidogo kidogo, na huyo ndiye mkubwa pekee tunayemtii. Ulikuwa mwaka wa tano tangu mamluki watue ufukweni na kuishika nchi, na mtu mwenye akili zake alichunga anasema nini na nani amesimama nyuma yake. Sisi tulichunga kwa kuongea viinimacho.

Siku hiyo tulikuwa wanne, ukimtoa Mouzaoir. Kulikuwa na Hamidou, ambaye tunamwita Balozi kwa sababu mwaka mmoja alimbebea balozi fulani sanduku kutoka botini hadi garini, na tangu siku ile anaongea kama mtu aliyekabidhiwa siri za dola. Kulikuwa na Youssoufa, jina lake Redio, tarishi wa ofisi moja ya serikali, anayejua boti gani inaondoka saa ngapi na nani kaachwa na mkewe. Kulikuwa na mimi, Soidri, ninayeitwa Saa Mbovu, jina ambalo silipendi na sitalieleza. Na kulikuwa na Ridjali, ambaye kwetu ni Mndzuani tu kwa kuwa ametoka kisiwa cha Ndzuani, mji wa Mutsamudu. Ridjali ni kuli. Meli kubwa haziwezi kuingia bandari yetu, husimama mbali, na watu kama yeye huzifuata kwa matishali kushusha mizigo. Zamani, alipowahi kuja Moroni kutafuta kazi kabla hajaoa, meli moja ikasubiri bahari itulie kwa siku tisa, na, mpishi wake alimfundisha kuchezea sarafu. Ana mikono ya kubebea magunia ya saruji, ukimwona na sarafu utadhani ameazima mikono ya mtu mwingine.

Mjue habari yake kwanza, la sivyo mtatuona wapumbavu. Wapumbavu tulikuwa kweli, ila si kwa sababu mnayoidhania.

Miaka miwili na ushei kabla ya siku hiyo, alfajiri, askari waligonga mlango wa nyumba ya mkewe Zaitoun, ndani kabisa ya vichochoro vya Mutsamudu. Walikuwa wanamtafuta Ridjali mwingine. Binti yake Koultoumi, miaka minne na nusu, alikuwa ameshika upindo wa shati lake, na wakamfungua vidole kimoja kimoja. Kosa hilo lilichukua miezi mitano kusahihishwa. Siku aliyotoka, kichwa kimenyolewa, mbavu zinahesabika, Ridjali alikwenda moja kwa moja kwa mkewe, akachuchumaa mbele ya mtoto, akafanya mchezo wao wa kila jioni: mkono unakwenda nyuma ya sikio, unarudi na sarafu. Mtoto hakuona mchezo. Aliona mkono wa mwanamume asiyemjua unamjia usoni. Akapiga ukelele, akaingia uvunguni, akakaa huko mpaka yule mtu alipotoka. Huko kwao, kama kwetu, nyumba ni ya mwanamke na mume huingia kwa ridhaa. Ridjali akalala mji wa jirani, Mirontsy, kwa dada yake, na wiki hiyo hiyo akapanda boti kuja Moroni kubeba magunia.

Tangu hapo alishatuma habari mara mbili kwamba anakuja. Mara mbili Zaitoun alimvalisha mtoto nguo nzuri akamkalisha sebuleni. Mara mbili boti iliondoka Moroni bila Ridjali, kwa sababu, alituambia, bado hajachagua kiinimacho. Sasa shemeji yake Anli, ambaye kama mjomba wa mtoto ndiye mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile, alikuwa ameleta ujumbe kwa mdomo wa baharia. Akija mwezi huu, karibu. Asipokuja, mtoto hataambiwa tena kwamba kuna baba anayekuja. Mwezi ulikuwa umebakiza siku sita na boti mbili, moja alasiri ile ile, nyingine baada ya siku nne, na sisi tulikwisha kubaliana bila kuulizana kwamba anasubiri hiyo ya pili.

— Tuanze upya, akasema Balozi, akiweka kikombe chini kama anayefungua mkutano. Mndzuani, una viinimacho vingapi?

— Ninavyoviamini ni vitano, mzee Balozi, akasema Ridjali.

— Vitaje.

— Cha sikioni. Cha kupotea. Cha kupita mezani. Cha kuzaa. Na cha mkononi mwa mtu.

— Cha sikioni tumekwisha kukizika, akasema Redio.

— Tumekizika, akasema Ridjali, na akajishika shingo.

Mouzaoir akamimina kahawa bila kuulizwa.

— Mimi nasema cha kupotea, nikasema. Ndicho kisafi kuliko vyote. Hebu kifanye.

Ridjali akatoa sarafu moja, akaiweka kwenye kiganja cha kulia, akaimimina kushoto, akafunga ngumi, akaipuliza, akafungua. Hamna kitu. Nimekiona kiinimacho hicho mara mia. Mimi natengeneza saa za wanawake na lenzi jichoni, naona kijino kilichovunjika cha gurudumu dogo kuliko punje ya mchele, na bado sikuona sarafu imekwenda wapi.

— Haikwenda popote, akasema, akigeuza mkono wa kulia. Iko hapa, nimeibana kwenye nyama ya kidole gumba. Wewe uliangalia kushoto kwa sababu mimi niliangalia kushoto. Ujanja wa vidole ni kidogo tu. Kazi kubwa ni kujua mtazamaji yuko wapi. Akiwa mbele yangu, haoni. Akiwa mahali nisipopajua, nimekwisha.

— Ndivyo walivyotuingia wale! akaruka Redio.

— Punguza sauti.

— Nimepunguza. Nchi nzima ilikuwa inaangalia mkono wa kushoto, siasa, hotuba, nani kasema nini. Mkono wa kulia ukashusha watu hamsini ufukweni. Tulipoamka tukaambiwa fungua macho, tukafungua, hamna kitu!

— Redio, utatufungia benchi, nikasema.

— Nazungumzia sarafu mimi! Mtu haruhusiwi kuzungumzia sarafu?

Tukacheka kwa pua, kama watu walivyokuwa wakicheka mwaka ule. Halafu Redio akafanya jambo ambalo halifanyi. Akasema polepole, neno kwa neno.

— Ila hicho hapana, Mndzuani. Huyo mtoto kitu kimekwisha kumpotea. Usiende kumwonyesha tena kwamba vitu hupotea.

Mimi niliyekipendekeza nilijiona mjinga, nikashika bisibisi yangu nikajifanya natafuta kazi.

— Basi cha kupita mezani, akasema Balozi. Kina adabu, kina sauti, mzee yeyote atakielewa. Sarafu juu, sarafu chini. Kifanye.

Ridjali akaja kwenye meza yangu ya kazi. Akaweka mkono wa kushoto chini ya meza, akashika sarafu kwa kulia, akaipiga juu ya ubao kwa kiganja. Paa! Sarafu ikalia kwenye mkono wa chini. Skrubu zangu zikaruka pande zote, na mimi nikatukana kidogo, sitaficha, kwa sababu skrubu ya saa ya mkononi ikianguka kwenye vumbi la Moroni unaweza kuiombea dua tu.

Na pale pale, kabla sijamaliza kutukana, jipu ya jeshi ikashuka barabara ya bandarini. Ndani wazungu wawili, nguo nyeusi, na askari wetu wawili nyuma.

— Joto la mwaka huu, akasema Balozi kwa sauti kubwa.

— Kali, akasema Redio.

— Na mvua ikija itakuja yote.

— Itakuja yote, ndivyo ilivyo.

Jipu ikapita, haikutuangalia hata kidogo. Nilipogeuka, Ridjali alikuwa bado amesimama mezani na mkono wazi, na sarafu ilikuwa chini, kwenye vumbi, imeanguka bila yeye kujua. Balozi ana mgongo mbovu na majivuno mengi, sijawahi kumwona akiinama kuokota kitu, hata kofia yake mwenyewe humwambia Redio amwokotee. Aliinama. Akaiokota sarafu, akaifuta kwenye kanzu, akamrudishia Ridjali kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

— Hicho kina kishindo, akasema. Kama mlango. Tukiache.

Nilimpenda Balozi siku ile. Kesho yake alinikera tena, lakini siku ile nilimpenda.

— Kuna cha kuzaa! akasema Redio, maana yeye hawezi kukaa na huzuni zaidi ya dakika moja. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Mtoto gani hatacheka?

— Mtoto atacheka, akasema Balozi. Mama mkwe je? Ataona mkwewe anazaa sarafu sebuleni kwake. Usiku huo huo atatuma watu kuuliza, kwa nini basi hujafanya harusi kubwa? Ng'ombe wangapi wamekushinda, mwanangu, wewe ambaye fedha zinatoka vidoleni?

— Na habari haiishii hapo, akasema Redio, sasa yuko kwenye raha yake. Itatoka kwa mama mkwe, itashuka sokoni, itafika kwa wale. Kuna mtu Mutsamudu anazalisha sarafu. Watakuja kumchukua wampe wizara.

— Wizara gani?

— Ya Kuzaa. Atapewa gari.

— Mimi naona kuna tatizo kubwa zaidi, akasema Balozi, na akainua kidole. Hewa.

— Hewa gani tena?

— Ya Ndzuani. Kisiwa kizima kinanuka karafuu na mlangilangi. Mnafikiri harufu ni nini? Ni mafuta. Yanaelea hewani, yanakaa kwenye vidole. Kiinimacho kilichokomaa hapa Moroni, penye hewa kavu ya jiwe jeusi la volkano, kikifika Mutsamudu kinateleza.

— Mzee Balozi, mimi nimezaliwa huko, akasema Ridjali.

— Ndiyo maana ulikuja kujifunza kwetu.

— Nilijifunzia melini.

— Na meli ilikuwa imesimama mbele ya mji gani?

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Ridjali akacheka kwa mdomo wazi. Ana pengo upande wa kushoto. Kabla ya ile miezi mitano hakuwa nalo, alituambia siku moja, na hatukumuuliza zaidi.

— Hewa si kitu, akasema Redio. Jambo ni macho. Macho ya mtu mzima yamejaa. Tumeona mengi, nafasi iliyobaki ni ndogo, ndiyo maana sarafu inatupita. Ya mtoto ni matupu, kila kitu kinaingia. Kwa hiyo afanyiwe kiinimacho baada ya kula wali.

— Wali unaingiaje hapo?

— Damu inashuka tumboni. Macho yanabaki na damu kidogo.

— Nani kakwambia?

— Nafanya kazi serikalini, akasema Redio, na kwake hilo lilitosha.

— Hamjauliza cha tano, akasema Ridjali polepole.

Akanijia mimi. Akaniambia nifungue mkono. Akaweka sarafu moja katikati ya kiganja changu, akanifunga vidole mwenyewe, akaniambia nibane, nibane zaidi, nifikirie mtu ninayempenda. Sitawaambia nilimfikiria nani. Akaniambia nifungue. Nikakuta mbili. Mimi, mzee wa miaka hamsini na mmoja, baba wa watu, nikacheka kama mtu aliyetekenywa. Maana hicho hakitokei kwa mchezaji. Kinatokea kwako, ndani ya ngumi yako, unakisikia.

— Ni hicho! nikasema. Kwisha. Ni hicho.

— Ndicho nikitakacho, akasema Ridjali. Ninakitaka tangu mwaka jana. Nimekifanya kwa makuli wote, kwa mabaharia, kwa imamu mmoja. Lakini ni lazima anipe mkono. Lazima aufungue, halafu nimfunge vidole mimi. Na vile vidole...

Alianza kuzungusha kikombe chake mezani.

— Hataufungua, akasema Redio kwa upole. 

— Ataufungua, akasema Balozi. 

— Wewe umejuaje?

— Sijui! Nasema tu. Ulitaka nisemeje, kwamba hataufungua?

Hapo ndipo tulipoamua kufanya jaribio, na hapo ndipo upumbavu wetu unapoanza. Balozi alisema kiinimacho ni sebule. Ukijua nani amekaa wapi, mkono hautetemeki. Basi tukaijenga sebule ya Zaitoun mbele ya kibanda changu. Ndoo iliyopinduliwa ikawa mahali pa mama mkwe. Balozi akajichagulia kuwa Anli, mjomba, akakaa mwisho wa benchi na mkono juu ya goti. Mimi nikawa jamaa fulani wa upande wa mke, mwenye cheo kidogo kuliko Anli lakini mkubwa kuliko Ridjali. Tukabishana kama mama mkwe awe kulia kwa Anli au kushoto. Tukabishana nani anaanza kusalimu. Ridjali aliingia mara tatu, na mara tatu Balozi alimtoa nje kwa sababu ameingia haraka, au amechelewa kuvua viatu, au amemsalimu jamaa fulani kabla ya mjomba. Sisi tusio na mahali bangwe, tusiopewa hata nafasi ya kukohoa mbele ya wakubwa wetu, tulipanga sebule ya watu kwa cheo kwa muda wa nusu saa, na jasho likatutoka.

Mtoto tulimweka mwishoni. Redio alijitolea. Akachukua kitambaa changu cha kufutia saa, akakifunga kichwani, akakaa kwenye stuli mbele ya Ridjali, magoti pamoja, macho chini.

— Mimi ni Koultoumi, akasema. Miaka saba. Nakuogopa.

— Koultoumi, akasema Ridjali.

Alilisema jina lile mbele ya mtu mzima mwenye ndevu na kitambaa chenye mafuta ya mashine, kama anayemwita mtoto mwenyewe. Hatukucheka. Redio naye hakucheka. Alinyoosha ngumi yake, akaishikilia pale, imefungwa, kwa muda mrefu. Halafu akaifungua kidogo kidogo, kidole kimoja, kisha cha pili. Ridjali akaweka sarafu. Akafunga vidole vya Redio polepole, kama anafunga kitu kinachoweza kuumia. Redio akabana, akafungua, zikawa mbili, na macho yake yalikuwa na maji.

— Vumbi, akasema Redio.

— Vumbi kweli, akasema Balozi, ambaye naye lilikuwa limemwingia.

— Kwezi, ikatusalimu sauti ya kike nyuma yetu.

— Mbona, tukaitikia salamu wote, kama watoto waliokamatwa.

Alikuwa Saoudat, mwanamke wa Mvouni, aliyeniletea saa yake ya mezani wiki moja nyuma. Alikuwa ameinama kutua kikapu chake chini, karibu na ndoo ya mama mkwe. Sijui alifika saa ngapi. Nikamletea saa yake, nikaitia ufunguo mbele yake aisikie, akaifunga kwenye kanga na kuiweka kikapuni. Lakini hakuondoka.

— Fundi, huyu bwana amevaa nini kichwani?

— Mimi ni mtoto wa kike, akasema Redio, kwa sababu alikuwa amesahau kujitoa.

Basi ikabidi tueleze. Balozi akaeleza, mimi nikamsahihisha, Redio akaongeza ya wali na damu. Saoudat alicheka kwanza, alicheka mpaka akashika ukuta wa kibanda changu. Tulipofika kwenye vidole vya mtoto na alfajiri ile, akaacha kucheka. Alisikiliza yote yaliyobaki akimwangalia Ridjali tu. Kisha akaomba kirudiwe tena, aone.

Ridjali akakirudia. Redio akafungua mkono, akafunga, akafungua, mbili. Kilikuwa safi kabisa. Hata Mouzaoir alisema mashallah, na huyo haongei.

— Kizuri, akasema Saoudat. Mwenyezi Mungu akusaidie, kaka. Ila nauliza tu. Mtoto anakufika wapi?

— Vipi?

— Akisimama mbele yako, kichwa chake kinakufika wapi? Maana huyu bwana amekaa juu ya stuli, macho yake na yako yako sawa, anauona mkono wako kwa juu. Mtoto ataangalia kutoka chini. Mimi hapa nilipoinama kuweka kikapu, ile sarafu ya pili niliiona. Ilikuwa kwenye vidole vyako wakati wote. Kwa hiyo nasema, ukijua anakufika wapi, utajua mkono uushushe kiasi gani.

Alisema kwa wema tu, kama mtu anayekuonyesha uzi kwenye kola yako.

— Miaka saba, akaanza Redio. Mtoto wa miaka saba, kwa kawaida...

— Mjukuu wa dada yangu ana saba, akasema Balozi, ananifika... Akaweka mkono kwenye mbavu zake, akautazama, akaushusha. Lakini yule ni mrefu. Urefu wameutoa kwa baba yao.

Wote tulikuwa tunamwangalia Ridjali.

Alisimama. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja chini, akauweka kwenye nyonga.

— Alikuwa hapa, akasema. 

Akaupandisha. Ukafika kiunoni, ukasimama. Akautazama mkono wake. Akaupandisha tena kidogo, hadi mbavuni, akaushusha tena.

— Kwa sasa, akasema. Kwa sasa atakuwa...

Nimekaa kwenye benchi lile miaka kumi na minane. Nimesikia watu wakijibu maswali ya mbingu na ya serikali na ya ndoa za wenzao, na sijawahi kuona swali likikaa pale bila mtu hata mmoja kulirukia. Tulikuwa tumejua mama mkwe atakaa wapi. Tulikuwa tumejua hata viatu vya Ridjali vitaachwa upande gani wa mlango.

Saoudat alijuta kuuliza, ilimwonekana usoni.

— Samahani, kaka, akasema. Sikujua.

— Hapana, akasema Ridjali. Hapana, dada. Umeuliza vizuri.

Akaendelea kuutazama mkono wake. Mouzaoir aliinua dele, akalitikisa, halikutoa sauti ya kitu, akaliweka chini.

— Redio, akasema Ridjali. Boti ya leo inaondoka saa ngapi?

— Saa kumi. Lakini wewe ni ya Alhamisi, si tulisema ya Alhamisi?

— Sasa hivi ni saa ngapi?

Wote wakanigeukia. Kibandani kwangu siku hiyo kulikuwa na saa za watu, kumi na moja kwa jumla, na hakuna mbili zilizokubaliana. Saoudat akafungua kanga yake kikapuni.

— Tisa na dakika arobaini, akasema. Kama fundi ameitengeneza kweli.

— Mndzuani, hujachagua bado! akasema Balozi, akasimama kwa shida na mgongo wake. Tumebaki na kimoja, na hicho kina kasoro, lazima tukirekebishe! Siku nne tu! Utakwenda na nini?

— Sijachagua, mzee Balozi, akasema Ridjali.

Akatia sarafu mfukoni bila kuziangalia. Akamshika Balozi mkono, akamshika Redio, ambaye bado alikuwa na kitambaa changu kichwani, akanishika mimi. Kwa Saoudat aliweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe, kwa heshima. Halafu akashuka kuelekea bandarini, mwanzoni polepole, kisha kwa haraka, na pale kwenye kona ya ghala la saruji niliona mkono wake wa kulia umenyooka pembeni mwake, kiganja chini, unapanda kidogo, unashuka kidogo, kama anayetembea na mtu na anajaribu kukumbuka kichwa chake kiko wapi.